Mvi Alizozificha Babu

Harufu ya piko iliingia nyumbani kwangu kabla ya mgeni mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, hapa Malindi ninapoishi na mume wangu na binti yetu Dama, nikasikia hodi ya sauti niliyoifahamu. Alikuwa Baba Mkubwa Kahindi, kaka yake marehemu baba yangu, amesimama mbele yangu na kikapu mkononi. Kichwa chake kilikuwa cheusi tititi, ila kwenye mashina ya nywele weupe ulikuwa umeanza kuchungulia.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Dama yupo?”

Hakuuliza habari za nyumbani wala za mume, jambo ambalo si kawaida yake. Tulipoingia ndani alitoa kikapuni pakiti ya piko akaiweka juu ya meza. Akaniambia kwamba mjukuu wake, mtoto wa mwanawe wa kwanza, amefariki kule kwetu Vitengeni. Hanga, ndiyo matanga ya sisi Wagiriama, limeshaanza, na maneno nayo yameshaanza. Lazima arudi kesho. Mkewe alikwisha kufa, na wajukuu wa kule hawaamini tena kuwapa kichwa chake. Alitaka Dama ampake kabla hajaondoka.

“Kaa kwanza nikutilie chai,” nilimwambia.

Niliingia jikoni nikasimama mbele ya jiko bila kuliwasha. Ningetaka kusema nilikuwa na hasira, maana sababu ya hasira ninayo. Lakini nilichokuwa nacho ni huzuni, kwa sababu nilimwelewa kila neno.

Ninyi wa rika langu mnaijua piko kwa harusi, ile michoro myeusi kwenye mikono ya bibi harusi, kando ya wekundu wa hina. Mimi niliijua kwanza kichwani mwa babu yangu. Mpaka leo nikiisikia harufu yake kali inayokwaruza koo, sikumbuki harusi ya mtu yeyote. Nakumbuka nyuma ya jiko letu Vitengeni, gunia limetandikwa chini, Babu amekaa ameinamisha shingo, nami nimesimama nyuma yake na mswaki mkuukuu.

Kazi ile ilikuwa yangu kwa sababu haikuweza kuwa ya mtu mwingine. Bibi alikuwa ameshafariki, na mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo kwa desturi yetu nilikuwa mke wa Babu. Aliniita “muche wangu”, yaani mke wangu kwa Kigiriama, na mbele za wageni alinilalamikia kwamba nimemwoza njaa kwa kutojua kupika. Mama yeye alikuwa mkaza mwana, na mkaza mwana hagusi kichwa cha baba mkwe hata kikiwaka moto. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, alikuja nyumbani mara moja moja. Nikabaki mimi. Mama aliikoroga piko ndani ya kifuu cha nazi, akakiweka chini, akaenda zake, kisha kutoka upande wa pili wa ukuta wa makuti akawa ananielekeza. Nimpake mafuta ya mgando kwenye paji kwanza, ngozi isishike rangi. Nianze kisogoni. Nisisahau nyuma ya masikio.

“Na ukiulizwa kucha zako zimefanya nini, sema umechora maua ya harusi,” aliongeza.

Hakuna aliyeniambia kwa nini tunafanya vile. Watu wazima wa kwetu wakiogopa hupunguza sauti, nami nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba watu wazima wakipunguza sauti wanapanga harusi. Basi nikakata shauri kwamba Babu anaoa. Mzee mjane, ghafla anapaka nywele, ananyoa ndevu kila asubuhi mpaka kidevu kinatoka damu, hata nyusi anataka zitiwe weusi. Angekuwa anafanya nini kingine? Niliona wivu, tena wivu wa kweli, wa kumkosesha mtoto hamu ya kula. Siku moja nikausimamisha mswaki hewani.

“Unamwoa nani?”

“Nani kakwambia naoa?”

“Mbona unajipamba?”

Alicheka mpaka gunia likasogea. “Nikuoe mara ngapi, muche wangu? Najipamba usije ukanikimbia.”

Nilikuwa nimemshika bega ili nisiyumbe, na lile bega lilikuwa linatetemeka chini ya mkono wangu. Nilidhani bado anacheka, nikaendelea kupaka.

Nilichokijua ni kwamba Charo, mtoto wa Baba Mkubwa Kahindi, amekufa. Tulikuwa tukicheza naye. Homa ilimshika asubuhi, na kabla jua halijatua alikuwa amelazwa juu ya mkeka amefunikwa leso ya mama yake. Nisichokijua ni kilichofuata. Baba Mkubwa hakuweza kutulia. Alikwenda kwa mganga, akarudi na neno lililopita jiko hadi jiko mpaka likafika kwetu: aliyemla mtoto kwa uchawi ni wa ukoo huo huo, na kichwa chake ni cheupe. Katika ukoo wetu kichwa cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu. Na haukuwa mzaha wa kupita, maana jirani yetu mmoja mwenye mvi alikuwa ameshakatwa mapanga shambani kwake mchana kweupe, na waliomkata walikuwa wamezoea kumwita babu. Baadhi ya watu walinong'ona kwamba kilichotakiwa kilikuwa shamba lake. Lakini shamba halikatwi panga, kwa hiyo alikatwa yeye. Haya yote Mama aliyajua wakati ule. Mimi niliyajua nikiwa nimeshaota matiti.

Piko tulikwenda kuinunua hapa hapa Malindi, mbali na macho ya Vitengeni, kwenye duka la Mhindi mmoja lililokuwa likinukia bizari na ubani. Mwenye duka alikuwa na kichwa cheupe pe, amekichana vizuri, tena amekitia mafuta kinang'aa. Mama alimwamkia shikamoo kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumwona nao. Nilimkodolea macho yule mzee na pakiti zake za weusi zilizopangwa nyuma yake.

“Mbona wewe hupaki?” nikamuuliza.

Mama alinifinya. Mzee akacheka. “Mimi nauza tu, mtoto, sipaki. Hizi ni mawazo. Duka, watoto, mke kila mwaka anataka safari ya kwenda kuona ndugu zake. Mawazo yakiingia kichwani yanakula rangi.”

“Hiyo ni heshima, mzee wangu,” mteja mwingine akadakia. “Mungu akuzidishie.”

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najaribu kuyapanga yale mambo. Mjini mtu alizitembeza mvi zake barabarani na watu wakamwombea ziongezeke, na kwetu zilifichwa nyuma ya jiko. Nilipomuuliza Mama, alitazama nje ya dirisha akasema kila mahali pana desturi zake. Sikuridhika, ila la mawazo kula rangi nililishika. Nikajua kwamba Babu ana mawazo, na nikaona ni yale ya kumtafutia mahari huyo bibi harusi wake. Nikazidi kununa.

Miezi kadhaa baadaye ukoo ukaitwa nyumbani kwa Baba Mkubwa kwa matanga ya mwisho ya Charo. Piko ilikuwa imekwisha. Mvua zilikuwa zimeharibu njia na Mama hakuweza kufika mjini. Weupe ulikuwa umeshapanda upana wa kidole kwenye mashina, na nyuma ya masikio zaidi. Asubuhi ile Babu aligeuza sufuria kubwa ya ugali juu chini, akakwangua masizi kwa kisu, akayachanganya na mafuta ya nazi.

“Masizi nayo ni meusi,” akaniambia. “Paka.”

Sauti ya Mama ikatoka nyuma ya makuti. “Mwambie babu yako asiende.”

“Mwambie mama yako,” Babu akajibu, “nisipokwenda nitakuwa nimejihukumu mwenyewe. Aliyekufa ni mjukuu wangu.”

Nikasimama katikati yao na mikono myeusi, sina haja ya kumwambia mtu chochote kwa kuwa walishasikiana. Nilipaka. Kwa mbali alipendeza, ila alinuka moshi.

Uwanja wa Baba Mkubwa ulijaa. Wanawake walikuwa chini ya kibanda cha makuti, wazee kwenye viti nje, vijana wa ukoo wamesimama pembeni. Baba yangu alikuwa amekuja kutoka Gongoni asubuhi hiyo kwa pikipiki, na mwenye pikipiki alikuwa akimngojea barabarani. Babu aliketi na wazee wenzake, mikono juu ya mkongojo, amevaa shati lake jeupe la siku kuu. Mvua ilikuja ghafla, ile ya matone makubwa. Watu wakakimbilia kibandani. Babu miguu yake haikuwa ya kukimbia. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka, na tayari weusi ulikuwa unamshuka kwenye paji, unapita kando ya pua, unadondoka kifuani.

Nilicheka. Niliona mtu analia wino, na kwa mtoto hilo lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nilicheka kwa sauti huku nikiwageukia watu, nikiamini wote watacheka nami. Hakuna aliyecheka. Ilisikika mvua tu juu ya makuti. Babu alijifuta uso kwa kiganja, na kila alipojifuta, weupe ukazidi kufunuka.

Baba Mkubwa Kahindi alitoka kibandani akasimama mbele yake. Alikitazama kile kichwa kwa muda.

“Kumbe,” alisema.

Ni neno hilo tu. Vijana waliokuwa pembeni wakaanza kusogea. Hapo Baba akapita katikati ya watu, akamshika Babu mkono kama mtu anayemwondoa mzee mvuani, akamwongoza polepole hadi barabarani. Sijui alipata wapi moyo wa kutokimbia. Alimpandisha kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake, Babu akawa katikati, wakaondoka. Mkongojo ulibaki matopeni, na kiatu kimoja. Babu hakuiona tena Vitengeni kwa macho yake.

Shule zilipofungwa, mimi na Mama tukawafuata Gongoni. Tulikuta wamepanga chumba karibu na mashamba ya chumvi, mahali ambapo vilima vyeupe vilisimama juani na upepo ulikuwa na ladha. Baba alirudi kutoka kazini jioni ya kwanza, na kichwa chake kilikuwa kimetapakaa weupe. Niliona ni vumbi la chumvi. Alikuwa kijana bado, mtu wa kubeba gunia begani huku anapiga mluzi, na nilimwacha na kichwa cheusi. Nikachota maji, nikamkalisha uani, nikatia sabuni nikaanza kusugua. Nilisugua kwa bidii, maana kwa kazi ya vichwa nilijihesabu fundi. Nilimwaga maji yale, nikachota mengine, na weupe uko pale pale.

“Haitoki hiyo, mwanangu,” Baba alisema. Hata hivyo hakuinuka, aliniacha nisugue.

Babu alikuwa akitutazama kutoka kwenye kigoda. Akasema, “Usimchubue bure. Hizo ni zangu. Ni zile nilizozificha, zimetafuta pa kutokea.”

Nimekua, nikauliza. Daktari mmoja alinieleza kwa upole kwamba kwenye shina la kila unywele mna kiwanda kidogo cha rangi, na kikichoka ndipo mvi huota. Umri na damu ya ukoo ndivyo vinavyoamua kwa sehemu kubwa. Dhiki kali inaweza kuharakisha, lakini mtu halali mweusi akaamka mweupe, hizo ni hadithi. Ninamwamini. Ninajua pia kwamba Baba alizipata zake katika msimu ule mmoja, akiwa na mzazi wa kumficha na kaka wa kumkwepa. Huenda zingekuja tu. Mimi zangu nimeziona mwaka huu kwenye kioo, na sikuweza kujua niilaumu damu au niulaumu ule uwanja.

Gongoni Babu aliziacha ziote. Zilitoka nyeupe kama pamba, na ndevu nazo, nikagundua kwamba sikuwahi kuuona uso wake kamili. Waendesha pikipiki walimpigia shikamoo bila kumjua. Mwanzoni nilifurahi, kisha nikaona yeye hafurahi. Hakuwa na shamba wala mbuzi wala mtu wa kubishana naye. Kila aliyesikika akisema ametoka pande za kwetu alimuuliza swali lile lile, kama kule kumenyesha. Aliacha kuniita muche wangu. Siku moja, kwa kutaka tu kumrudisha alivyokuwa, nilimuuliza kama anataka nimpake.

“Nijipambe kwa ajili ya nani?” alisema. “Hapa hakuna anayenijua hata anichukie.”

Alifariki katika chumba kile, na kabla hajafariki alimwambia Baba maneno mawili: mnirudishe kwetu, na msinipake. Mama, ambaye alikaa naye miaka yote bila kukigusa kichwa chake, alimnunulia kofia ya kumzikia ili yasizuke mengine. Alizikwa Vitengeni, kando ya Bibi. Watu walikuja wengi, maana mzee akishakufa haogopeshi. Kabla jeneza halijafungwa Baba aliinama akaitoa ile kofia, akaiweka mfukoni, akasimama kando kichwa wazi. Wote wakapita kuaga, na wote wakaziona mvi za Babu. Baba Mkubwa Kahindi alipofika hakutazama jenezani. Aliutazama weupe wa kichwa cha mdogo wake, akapeleka mkono taratibu kwenye kichwa chake mwenyewe, akapita.

Pale jikoni kwangu, nikaliwasha jiko. Chai ilipochemka nikampelekea Baba Mkubwa pale alipokaa. Pakiti ya piko ilikuwa bado mezani.

“Usirudi, Baba,” nilimwambia. “Kaa hapa na sisi, ziache ziote. Mjini hapa utaamkiwa kila mlango.”

Alitikisa kichwa. “Nisipokwenda nitakuwa nimejihukumu mwenyewe. Aliyekufa ni mjukuu wangu.”

Sijui kama alikumbuka maneno yale ni ya nani. Siku ile yalisemwa nyuma ya jiko letu, na yeye hakuwepo. Nadhani kila anayefikishwa pale huyaokota mwenyewe. Alikunywa chai kidogo, akakiweka kikombe.

“Babu yako hakumla mtoto wangu,” alisema.

“Najua, Baba.”

“Hata mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimezika mtoto, na mtu akiniambia hakuna wa kulaumiwa nilikuwa naona kama ananizika na mimi.” Aliifikicha pakiti kwa vidole. “Sasa mwanangu naye amezika wake. Ananitazama vile vile.”

Sikumwambia nimemsamehe, maana sijui kama nimemsamehe, na yeye hakuniomba. Nilimwita Dama. Nikaikoroga piko kwenye bakuli, nikampa mswaki wa zamani na mafuta ya mgando. Ningeweza kumpaka mwenyewe, lakini kwetu mwanamke mwenye mume hamshiki baba yake kichwa, na yule ni baba. Nikawaacha uani nikasimama nyuma ya mlango, nikawa naelekeza kutoka huko. Anza kisogoni. Usisahau nyuma ya masikio.

Kisha nikamsikia Dama.

“Babu, kwani unaoa?”

“Nani kakwambia?”

“Mbona unajipamba?”

“Nakuoa wewe, muche wangu,” alisema.

“Mama, babu anacheka,” Dama akaniita. “Bega linatikisika, sipaki vizuri.”

“Mshike tu,” nilimwambia. “Mshike bega, endelea.”

Piko haitoki kwa mvua, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Hata hivyo nilipita mlango wa mbele nikatoka nje, nikaliokota sinia la mchele nililoliacha pale, nikatazama upande wa Vitengeni kama kuna wingu.